Mtambo uko kilomita 70 kutoka barabarani: dawa ipi ya lami vuguvugu itatufaa, na je, mawese hayawezi?

FundiSampuli (Kasulu) ameandika:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wa rika habari za kazi.

Mimi ni fundi wa maabara katika mradi wa barabara huku mkoani Kigoma. Mtambo wetu wa kuchanganya lami umefungwa pale pale kwenye machimbo ya kokoto, na kipande tunachokitandaza sasa kipo umbali wa kilomita zipatazo 70 kutoka hapo, sehemu kubwa ya njia ikiwa bado ni changarawe. Tipa hutumia saa mbili njiani, na siku ya mvua hata tatu. Mchanganyiko unatoka mtamboni ukiwa na nyuzi joto 160. Ukifika, nikichomeka kipimajoto katikati ya mzigo nasoma 140, lakini ganda la juu, hasa pale ambapo turubali limepeperuka, linasoma chini ya 100, na likiingia kwenye mashine ya kutandazia linatoka mabonge mabonge ambayo vijana wanayavunja kwa reki. Tunatandaza unene wa milimita 40 tu, kwa hiyo kabla rola la tairi halijamaliza mizunguko yake lami imeshakakamaa. Wiki iliyopita nilitoboa sampuli sita. Nne kati ya hizo zilikuwa na nafasi za hewa zaidi ya asilimia 9, wakati mkataba wetu hauruhusu zivuke 7.

Pendekezo la kwanza lililotolewa kazini lilikuwa kupandisha joto mtamboni hadi 180. Nililipinga, kwa sababu lami ya daraja la ugumu la 60/70 tunayoitumia ikipikwa kiasi hicho inazeeka kabla haijapitiwa na gari hata moja. Njia ya pili aliibuni dereva mmoja bila kumuuliza mtu yeyote: alinyunyiza dizeli juu ya mzigo ili, kwa maneno yake, "ulainike". Mzigo ule tuliukataa, na ubishi wake haukuwa mdogo.

Sasa meneja ameleta wazo la lami vuguvugu, yaani ile inayochanganywa na kushindiliwa kwa joto la chini kuliko la kawaida kwa msaada wa kiongezo. Wauzaji watatu wametuma sampuli. Wa kwanza ameleta vipunje vyeupe vya nta viitwavyo Sasobit. Wa pili ameleta kimiminika cha rangi ya kahawia kutoka jamii moja na dawa ziitwazo Evotherm na Rediset, chenye harufu inayochoma pua. Wa tatu ameleta unga mweupe mlaini uitwao zeolaiti. Kila mmoja anasema dawa yake ndiyo dawa, na karatasi zao zote zinaahidi kupunguza joto kwa nyuzi 20 mpaka 40. Mimi naulizwa maoni, na sina uzoefu nazo hata moja. Je, kwa umbali huu, na kwa kokoto zetu za kwatzaiti, ipi itatufaa, na ni vipimo gani nifanye kabla ya kutia sahihi yangu?

La mwisho naomba msinicheke. Mzee mmoja jirani na kambi, ambaye anakamua mawese, alituona tunahangaika na yale mabonge akaniambia kwamba mawese yangelainisha lami ile kwa bei ya hapa hapa, bila kuagiza kitu ng'ambo. Nilijaribu kidogo maabara, na kweli lami ililegea. Kwa nini basi tusitumie mawese?

MzeeWaMaabara (Tabora mjini) amejibu:

Marahaba, mwanangu. Swali lako umelipanga vizuri, na umefanya vyema kukataa ile nyuzi 180. Mawese nitawaachia wengine. Mimi nitasema juu ya hizo sampuli tatu.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1956 Profesa Ladis Csanyi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, alipuliza mvuke ndani ya lami ya moto akaona inafura povu na kupaka mawe kwa urahisi. Mwaka 1968 kampuni ya Mobil ya Australia ikabadilisha mvuke kuwa maji baridi ili kifaa kiwe chepesi. Miaka ya 1990 Wajerumani na Wanorwe wakalivalia njuga suala la moshi unaowapata wafanyakazi na mafuta yanayochomwa mtamboni, na hapo ndipo nta, zeolaiti na dawa nyingine zilipoingia sokoni. Kwa upande wetu wa kusini mwa Afrika, jiji la Durban lilianza kutandaza vipande vya majaribio mwaka 2008.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni kwamba hizo dawa tatu hazifanyi kazi moja. Nta inayeyuka ndani ya lami na kuifanya iwe nyepesi kweli kweli, kama uji uliozidishwa maji. Zeolaiti ni unga wenye maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake, karibu asilimia 21 ya uzito wake. Ukikutana na lami ya moto maji hayo yanatoka polepole kama mvuke, na kwa kuwa maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700, lami inajaa vipovu vidogo mno na ujazo wake unaongezeka kwa muda. Kimiminika cha kahawia hakifanyi lolote kati ya hayo. Chenyewe kina tabia ya sabuni. Fikiria sufuria iliyokaangiwa migebuka: sabuni haiyafanyi mafuta yawe mepesi, bali inayafanya yaache kung'ang'ania mahali na kuteleza. Ndivyo dawa hiyo inavyokaa pale ambapo lami inagusana na jiwe, ikapunguza msuguano kati ya kokoto na kokoto wakati rola linapita, ingawa ukiipima lami yenyewe kwa kifaa cha mnato huenda usione tofauti kubwa. Wapo mafundi walioikataa dawa hii kwa sababu waliipima kwa kipimo kisichoihusu.

Kwa tatizo lako, tofauti hii ndiyo inayoamua. Sasobit hutengenezwa na kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini, kwa njia iliyogunduliwa na Wajerumani wawili, Fischer na Tropsch, katika miaka ya 1920. Inayeyuka kwenye nyuzi zipatazo 100 na huchanganyika kabisa na lami ikishavuka 115. Juu ya hapo ni rafiki wa rola. Chini ya hapo inaanza kuganda na kufuma kitu kama wavu ndani ya lami, nayo lami inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa kabla ya kuwekewa nta. Ugumu huo ni baraka barabara ikishafunguliwa, hasa kwenye miinuko ambako malori yenye mzigo yanatambaa na kuchimba mabonde ya tairi, lakini wewe una ganda linalofika likiwa chini ya 100. Ganda hilo likiwa na nta litakuwa gumu zaidi, na vijana wako watalivunja kwa sururu, si kwa reki. Kama safari yenu ingekuwa ya nusu saa ningekuambia chukua nta bila kufikiri mara mbili.

Zeolaiti nayo ina saa yake. Povu haliishi milele. Mvuke unatoka kwa muda wa saa kadhaa na nguvu yake inapungua kadiri mzigo unavyopoa. Tena mzigo wake ni mkubwa, na hapa naomba tufanye hesabu, kwa sababu wauzaji wanapenda kutaja asilimia bila kusema asilimia ya nini. Chukulia lami yenu ni asilimia 5 ya mchanganyiko, yaani kilo 50 katika kila tani. Nta huwekwa kama asilimia 1.5 ya lami, hiyo ni gramu 750 kwa tani. Kimiminika huwekwa kama asilimia 0.5 ya lami, yaani gramu 250 kwa tani. Zeolaiti huwekwa asilimia 0.3, lakini ya mchanganyiko mzima, si ya lami peke yake. Hiyo ni kilo 3 kwa tani. Tipa moja la tani 20 linahitaji kilo 15 za nta, au kilo 5 za kimiminika, au kilo 60 za zeolaiti. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 6.5 na unene wa milimita 40 inakula takriban tani 620 za mchanganyiko, kwa hiyo zeolaiti peke yake inakaribia tani 2 kwa kilomita, nazo zote zisafirishwe kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Kigoma, safari ambayo kwa reli ni kama kilomita 1,250. Kimiminika kwa kilomita hiyo hiyo kinatosha kwenye pipa moja. Usilinganishe bei ya kilo. Linganisha bei ya tani ya mchanganyiko ikiwa imefika kambini.

Kwa maoni yangu, chukueni kimiminika. Kina faida nyingine kwa kokoto zenu, ambayo naona si vizuri niimalize yote, maana kuna watu humu wanaijua kuliko mimi.

Ila kuna jambo ambalo meneja wako huenda hajalipenda. Msipunguze sana joto la mtambo kwanza. Anayeuza atakuambia uchanganye kwa 120 au 125 uone mafuta ya kichomeo yanavyopungua. Wataalamu wa Marekani waliozunguka Ulaya mwaka 2007 walirudi na taarifa za kupunguza mafuta kwa asilimia 11 mpaka 35, kwa hiyo si uongo. Lakini shida yenu si mafuta, shida yenu ni muda. Changanyeni kwa 145 au 150, mtie dawa, halafu akiba yote ya joto ambayo wenzenu wangeitumia kuokoa dizeli ninyi mwitumie kuipa rola nafasi ya kufanya kazi hata mchanganyiko ukishuka hadi 110. Na kumbuka kwamba kitu kinachotoka na joto la juu sana hupoa kwa kasi kubwa zaidi. Zile nyuzi 180 zingepotelea njiani kwa wingi, na lami ingekuwa imeshaumia.

Halafu turubali. Samahani, lakini dawa ya dola nyingi haiwezi kufanya kazi ya turubali la kufungwa pande zote nne.

Mwendeshaji_Planti (Nzega) amejibu:

Wakubwa heshima. Naongeza la upande wa mtambo, kwa ufupi.

Mzee amesema joto lisipunguzwe sana, nami naunga mkono kwa sababu ya maji ndani ya kokoto. Mvua za huku kwetu na huko Kigoma zinaanza Oktoba au Novemba na kuishia Aprili au Mei, na rundo la kokoto lililoachwa wazi linabeba maji mengi kuliko linavyoonekana, hasa lile vumbi la kokoto la milimita 0 mpaka 5. Kanuni tuliyoizoea ni kwamba kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka inaongeza mafuta ya kichomeo kwa takriban asilimia 10. Mtu akishusha joto bila kukausha kokoto, maji yanabaki ndani ya jiwe, lami inapaka juu yake, na nje panaonekana pazuri kabisa. Mwezi wa pili baada ya kutandaza, jiwe linaanza kuitapika lami. Ezekeni bati juu ya rundo la vumbi walau hilo moja, na chini pawe na mwinuko ili maji yatiririke upande ambao kijiko hakichoti.

Ukishusha joto sana kwenye mtambo wenye mifuko ya kuchujia vumbi, hewa inayopita pale inakuwa baridi, mvuke unageuka maji, vumbi linageuka tope na mifuko inaziba. Nimewahi kuishusha mifuko hiyo na kuikung'uta kwa mkono siku nzima. Sina hamu tena.

Kuhusu kutia kimiminika: usikubali mtu akimimine kwa kopo juu ya tangi la lami. Gramu 250 kwa tani ni kitu kidogo mno, kikimwagwa mahali pamoja kitabaki pale pale. Kama mna pampu ya kupimia, iunganisheni kwenye bomba la lami karibu na inapoingilia kichanganyio. Kama hamna, pimeni kwa mizani kiasi cha tangi zima, kisha izungusheni lami kwa pampu ya tangi mpaka mwisho wa zamu kabla ya kuanza kuchanganya, na mwulizeni muuzaji kwa maandishi dawa yake inastahimili siku ngapi ndani ya lami ya moto. Glavu na miwani ni lazima. Hiyo harufu inayochoma pua ni ya amini, kemikali ya ukoo wa amonia, nayo inachoma na macho.

FundiSampuli ameandika tena:

Nashukuru sana, Mzee wangu, na wewe ndugu wa Nzega. Hesabu ya kilo 60 kwa tipa nimeionyesha kwa meneja na zeolaiti imeondolewa mezani leo hii. Rundo la vumbi kwa kweli liko wazi. Nililipima asubuhi baada ya mvua ya jana: nilianika kilo moja kwenye tanuri la maabara, na baada ya kukauka ilipungua gramu 62. Sikuwa nimewahi kulifikiria kama sehemu ya tatizo la rola.

Kuhusu mawese, niseme nilichokifanya ili nisionekane nimebahatisha. Nilichukua lami yetu ya 60/70 nikatia mawese asilimia 2 ya uzito wake, nikakoroga kwa 140, nikaacha ipoe. Ilimiminika vizuri kuliko ile isiyotiwa kitu. Kisha nikafanya kipimo cha sindano, nayo sindano ikazama kupita daraja lake. Hapo ndipo nilipoanza kupata shaka, lakini sikujua niieleze vipi kwa yule mzee, ambaye kila asubuhi ananiuliza tumefikia wapi.

Mhandisi_Bi_Nyenzo (Kigoma mjini) amejibu:

Ndugu Fundi, nimesoma mada hii tangu jana na nitajibu pande mbili, mawese na kokoto, kwa sababu kwenye kimiminika chako zinakutana.

Shaka yako juu ya ile sindano ni ya haki. Sindano yenye uzito wa gramu 100 inaachiwa kwa sekunde 5 kwenye lami yenye nyuzi 25, na 60/70 maana yake izame kati ya milimita 6 na 7 tu. Ukitia mawese, lami inalegea kwa 140 unakokutaka, na inabaki imelegea kwa 25 na kwa 60 usikokutaka. Jua la mwezi wa tisa na wa kumi linaweza kuufikisha uso wa barabara nyeusi karibu na nyuzi 60. Malori yanayoshuka kuelekea bandarini yanafunga breki juu ya lami hiyo hiyo. Mawese hayaondoki baada ya kazi. Mvuke wa zeolaiti unatoka na kwenda zake, nta inaganda na kuwa mfupa, dawa ya jamii ya sabuni inabaki kwenye ngozi ya jiwe bila kuigusa sana tabia ya lami. Mawese yanakaa ndani ya lami maisha yake yote yakiwa mafuta. Kwa maana hiyo yanafanana zaidi na ile dizeli ya dereva wenu kuliko na kiongezo, tofauti ni kwamba dizeli angalau sehemu yake huruka hewani.

Lakini yule mzee usimpelekee jibu la kumdharau, maana pua yake haikumdanganya. Mafuta ya mimea yana tindikali za mafuta, na viwandani tindikali hizo hugeuzwa kuwa amini, ambazo ni mojawapo ya malighafi za dawa kama hicho kimiminika chako cha kahawia. Kinachokosekana ni kiwanda kati ya pipa lake na tangi lenu. Tena kuna mahali ambapo mafuta ya mimea hutumika kwa makusudi hayo hayo ya kulainisha, nako ni kwenye lami kuukuu iliyokwanguliwa barabarani na kurudishwa mtamboni. Lami hiyo imeshakuwa ngumu kupita kiasi, kwa hiyo kuilegeza ni kuirudisha ilikokuwa. Siku Kigoma ikianza kukwangua na kurudisha, huyo mzee atakuwa na cha kuuza.

Sasa kokoto. Kwatzaiti ya Kigoma imejaa silika, yaani madini yale yale ya mchanga mweupe, kama ilivyo itale ya Tabora na Nzega kwa kiasi kikubwa, na mawe ya namna hiyo yanapenda maji kuliko yanavyopenda lami. Lami inapakwa, inashika, barabara inafunguliwa na mheshimiwa anakata utepe. Kisha maji yanapenya taratibu, yanajipenyeza kati ya jiwe na lami, na lami inabanduka kama ganda la ndizi mbivu. Kwenye mchanganyiko wenye nafasi za hewa asilimia 9 au 10, kama hizo sampuli zako nne, maji yana mlango wa wazi. Kwa hiyo mbele yako kuna kasoro mbili, na moja inailisha nyingine: ushindiliaji hafifu unaingiza maji, na kokoto zenu hazina kinga dhidi ya maji. Ndiyo maana nakubaliana na Mzee kuhusu kimiminika. Amini zilizomo zina kichwa kinachoshika jiwe lenye silika na mkia unaopenda lami, kwa hiyo dawa moja inasaidia rola na inazuia lami kubanduka. Nta haina sifa hiyo. Ungeitumia, ungelazimika kuongeza chokaa iliyozimwa, kama asilimia 1 mpaka 1.5 ya uzito wa kokoto. Chokaa ni nzuri sana na inajulikana miaka mingi, ila ni mzigo mwingine wa kusafirisha na silo nyingine ya kufunga.

Hata hivyo, usiamini karatasi ya muuzaji, wala usiniamini mimi, kabla ya kipimo cha sufuria. Chukua kokoto zako mwenyewe, zioshe, zikaushe, zipake lami isiyo na dawa na nyingine yenye dawa, ziache zipoe, kisha zichemshe kwenye maji safi kwa dakika 10. Mwaga maji, zitandaze kwenye karatasi nyeupe, uzitazame. Jiwe lililovuliwa linang'aa, huhitaji kusomea. Kipimo hiki hakikupi namba ya kuandika kwenye mkataba, lakini kinakuambia kwa nusu saa kama kuna haja ya kuendelea.

Kikifaulu, nenda kwenye kipimo chenye namba. Tengeneza sampuli sita zenye nafasi za hewa zipatazo asilimia 7, si 4, maana 4 itakuficha ukweli. Tatu ziache kavu. Tatu zijaze maji kwa pampu ya kunyonya hewa, zilaze kwenye maji ya nyuzi 60 kwa saa 24, kisha zote sita zivunje kwa kuzikandamiza ubavuni zikiwa na nyuzi 25. Nguvu ya zilizoloweshwa igawe kwa nguvu ya zilizo kavu. Chini ya 0.80 usitie sahihi yako, hata meneja akuletee chai.

Na kwa suala la muda wa safari, kuna jaribio ambalo halimo katika utaratibu wa kawaida wa Marshall, ule wa kugonga sampuli kwa nyundo, lakini litakupa jibu unalolitafuta. Weka mchanganyiko ndani ya tanuri kwa saa mbili, kama vile uko njiani, kisha gonga sampuli zikiwa na nyuzi 145, nyingine 125, nyingine 105, kwa idadi ile ile ya mapigo, pamoja na dawa na bila dawa. Ukichora nafasi za hewa dhidi ya joto, mstari wa bila dawa utapanda haraka joto linaposhuka. Wenye dawa ukibaki karibu tambarare mpaka 115 au 110, umepata muda wako. Ukipanda sawasawa na mwenzake, mrudishie muuzaji pipa lake.

MzeeWaMaabara amejibu:

Bi Nyenzo amemaliza. Nina nyongeza moja tu. Unapotandaza kipande cha majaribio, usitumie tipa lililosafiri siku ya jua kulinganisha na lililosafiri siku ya wingu. Chukua matipa manne ya asubuhi moja, mawili yenye dawa na mawili bila, yapishane barabarani, na uandike joto la kila moja sehemu tatu za mzigo kabla halijamwaga. Sampuli utoboe kesho yake, si jioni ile, lami ikiwa bado laini na sampuli inapinda mkononi.

Kingine, madereva wapanguse matipa yao kwa maji ya sabuni kabla ya kupakia. Dizeli iondoke kwenye eneo la mradi kabisa, isionekane hata kwenye ndoo.

FundiSampuli ameandika tena:

Wakubwa, narudi na taarifa.

Kipimo cha sufuria nimekifanya jana usiku kwa jiko la mkaa nyuma ya maabara, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Nilipaka kokoto za milimita 10 mpaka 14 kutoka kwenye rundo letu, fungu moja kwa lami tupu na jingine kwa lami yenye kimiminika asilimia 0.5. Fungu la lami tupu lilianza kuonyesha kingo za jiwe hata kabla maji hayajatulia. Nilipolimwaga kwenye karatasi, kokoto nyingi zilikuwa na mabaka meupe, na maji yalikuwa na utando mweusi unaoelea. Fungu lenye dawa lilitoka jeusi karibu lote, isipokuwa kokoto tatu nne zenye pembe kali ambazo zimeachia kwenye ncha. Niliyaweka mafungu mawili juu ya karatasi moja, nikamwita meneja kwa tochi ya simu. Hakuuliza swali.

Tumekubaliana hivi: joto la mtambo liwe 150, dawa iingie kwa pampu ya kupimia, ambayo tutaiazima, na kipande cha kwanza cha mita 200 kitandazwe wiki ijayo kwa matipa manne kama Mzee alivyoelekeza. Sampuli za tanuri la saa mbili naanza kuzigonga kesho. Fundi bati amekwishapima eneo la rundo la vumbi.

Mzee wa mawese nimemweleza habari ya kiwanda kinachokosekana kati ya pipa lake na tangi letu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kiwanda hicho ni cha ukubwa gani. Sikuwa na jibu, kwa hiyo Bi Nyenzo, kama unalo, naomba uniandikie. Mpishi wa kambi naye ameapa kwamba sufuria lile halitarudi jikoni kwake, na kwa kweli ana haki; nimeshaagiza jingine Kasulu sokoni.